Namna ya kupima kiwango cha digoksini katika damu ya mgonjwa wa moyo mwenye figo dhaifu

Dawa za moyo ambazo kiwango chake hupimwa katika damu ni chache, na katika kliniki zetu za kanda ya kati inayotusumbua hasa ni moja, nayo ni digoksini, dawa ya kupunguza kasi ya mapigo na kuupa moyo nguvu. Atenololi na sotaloli nazo hutolewa na figo, lakini hizo tunazifuatilia kwa mapigo ya moyo, presha na kipimo cha umeme wa moyo, wala hatuhitaji kujua kiasi chake katika damu. Kwa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, tunapima kasi ya damu kuganda, si dawa yenyewe. Prokainamidi, dawa nyingine ya mapigo, hupimwa pamoja na zao lake, yaani kile mwili unachoigeuza kuwa, ambalo hurundikana figo zinaposhindwa, ila sidhani kama wengi wa wasomaji wangu huku Dodoma watakutana nayo. Kwa hiyo mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya digoksini, nikiwalenga matabibu, wauguzi, wafamasia na wataalamu wa maabara wanaohudumia wagonjwa kuanzia kliniki za mjini hadi hospitali za Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na Manyoni.

Digoksini bado tunaitumia sana kwa sababu wagonjwa wetu wengi ni watu ambao valvu za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, na sasa mapigo yao yanakwenda mbio bila mpangilio. Dawa hii husaidia kwa dozi ndogo, na umbali kati ya dozi inayosaidia na ile inayodhuru ni mfupi mno. Sehemu kubwa yake hutoka mwilini kupitia mkojo ikiwa haijabadilika. Kwa mtu mwenye figo nzima, kiasi kilichomo mwilini hupungua nusu katika muda wa siku moja na nusu hadi mbili, ilhali kwa mtu ambaye figo zake zimekoma kufanya kazi muda huo hufika siku nne au tano. Linaloongeza ugumu ni kwamba dalili za kwanza za dawa kuzidi, yaani kukosa hamu ya chakula, kichefuchefu na uchovu, ndizo hizo hizo anazokuwa nazo mgonjwa wa figo ambaye taka zimemjaa katika damu. Kwa kumwangalia tu huwezi kutofautisha.

Kabla ya kujaza fomu

Kipimo hiki si cha kila hudhurio. Kinafaa pale figo zinapobadilika hali, kwa mfano baada ya mgonjwa kuharisha na kuishiwa maji. Pale unapohisi dawa imezidi. Pale unapoongeza au kuondoa dawa nyingine inayogombana na digoksini. Pale unaposhuku kwamba mgonjwa hamezi. Na baada ya kubadili dozi, ukishasubiri muda wa kutosha. Ukikosa mojawapo ya sababu hizi, utamchoma mgonjwa bure na kupata namba ambayo hutajua uifanyie nini.

Jambo la pili ni kukadiria uwezo wa figo, kwa sababu kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa katika damu, peke yake hudanganya, hasa kwa wazee wembamba wenye misuli kidogo. Chukua 140, toa umri, zidisha kwa uzito wa mgonjwa kwa kilo, kisha zidisha kwa 1.04 kama ni mwanamke au 1.23 kama ni mwanamume, halafu gawanya kwa kreatinini iliyopimwa kwa mikromoli kwa lita. Tumchukue mama wa miaka 68 kutoka Bahi, mwenye kilo 48 na kreatinini ya 160. Kutoa 68 katika 140 kunabaki 72, mara 48 ni 3,456, mara 1.04 ni takriban 3,594. Gawanya kwa 160 unapata mililita 22 na nusu kwa dakika. Kreatinini ya 160 haimshtui mtu aliyezoea kuona za 900 kwenye kitengo cha kusafisha damu, lakini mama huyu amebakiwa na sehemu ndogo tu ya uwezo wa figo. Akipewa kidonge kizima cha miligramu 0.25 kila siku, hesabu za kifamasia zinaonyesha kwamba baada ya wiki mbili au tatu atakuwa na zaidi ya nanogramu 3 kwa mililita, kiasi ambacho ni sumu.

Pima uzito huo mwenyewe kwenye mizani siku hiyo hiyo. Uzito ulioandikwa kwenye kadi ya mwaka jana, au ule wa mgonjwa aliyevimba miguu na tumbo, utaharibu hesabu yote.

Kisha uliza dawa nyingine, moja baada ya nyingine kwa majina, kwa sababu swali la jumla hujibiwa kwa jumla. Amiodaroni, dawa nyingine ya mapigo, huongeza digoksini katika damu kiasi kwamba desturi ni kupunguza dozi kwa nusu tangu siku ya kuianza. Verapamili, erithromaisini, klarithromaisini na kwinini nazo huipandisha. Hivyo mgonjwa aliyewekewa dripu ya kwinini wodini ana haki ya kupimwa upya. Ritonaviri, ambayo imo katika baadhi ya dawa za mstari wa pili za wanaohudhuria kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, hufanya vivyo hivyo, na saiklosporini, dawa ya kuzuia mwili kukataa figo iliyopandikizwa, pia, jambo la kukumbukwa katika mkoa ambao Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikipandikiza figo tangu mwaka 2018. Rifampisini ndiyo inayokwenda kinyume, kwani huishusha. Hapo hatari huja baadaye: mgonjwa wa kifua kikuu aliyeongezewa digoksini wakati wa matibabu humaliza miezi yake 6, huacha rifampisini kwa furaha, na wiki chache baadaye digoksini ile ile inakuwa nyingi kupita kiasi bila mtu yeyote kugusa dozi.

Uliza pia kuhusu dawa za miti shamba, kwa sauti isiyohukumu. Ipo mimea yenye viambata vya jamii moja na digoksini, ambavyo huathiri moyo na pia huweza kusomeka kwenye mashine kana kwamba ni digoksini.

Saa ya kumeza na saa ya kuchomwa

Hapa ndipo kipimo hiki huharibikia, na kwa uzoefu wangu huharibika kabla damu haijafika maabara.

Kidonge kikishamezwa, digoksini huingia kwanza katika damu, kisha huhamia taratibu katika moyo na misuli. Uhamaji huo huchukua saa zisizopungua 6. Ukichoma kabla ya hapo utakuta dawa nyingi katika damu ambayo bado haijafika inakokwenda, na namba utakayoipata haitasema lolote kuhusu kilichomo moyoni. Viwango vyote vilivyoandikwa vitabuni vinahusu damu iliyochukuliwa baada ya saa 6 kupita, na vizuri zaidi ni kuichukua kabla tu ya dozi inayofuata.

Miaka michache iliyopita, katika kituo nilichokuwa nikifanya kazi, lilinijia jibu la nanogramu 2.6 kwa mililita la mzee aliyekuwa na nafuu kabisa, anayekula vizuri na mwenye mapigo 72. Kwenye fomu, mahali pa saa ya dozi ya mwisho paliandikwa «2:00», na saa ya kuchukua damu «10:00». Mtaalamu wa maabara alisoma kwa saa za kompyuta yake: saa nane usiku hadi saa nne asubuhi, ambazo ni saa 8, na kwa hiyo sampuli ilikubalika. Dawa ikasimamishwa. Baada ya siku kumi hivi mzee akarudi akihema, mapigo yakiwa 140. Nilipomuuliza alimeza saa ngapi siku ile ya kipimo, alinitazama kama anayeshangaa swali: «Saa mbili, mwanangu, baada ya uji, kama siku zote.» Saa mbili yake ilikuwa saa mbili asubuhi. Saa ya damu ndiyo iliyoandikwa kwa saa za kompyuta, yaani saa nne asubuhi, kwa hiyo alichomwa baada ya muda wa saa 2 tu tangu kumeza. Tulimrudishia dozi yake, tukasubiri, tukampima kabla ya kidonge, na jibu likawa 0.8.

Tangu siku hiyo siandiki tarakimu peke yake. Ninaandika «saa mbili asubuhi», kisha pembeni 08:00, na ninamtaka anayejaza fomu afanye hivyo kwa saa zote mbili, ya kumeza na ya kuchomwa. Usimuulize mgonjwa «ulimeza saa ngapi» ukaishia hapo. Muulize kama ilikuwa kabla au baada ya chai, kabla au baada ya kupanda basi. Mwezi wa Ramadhani uliza kuhusu daku na futari, kwa kuwa aliyemeza saa kumi alfajiri akachomwa saa tatu asubuhi bado hajatimiza saa 6.

Iko njia rahisi zaidi, ambayo ningependa kila kliniki ya moyo iifuate: mhamishie mgonjwa dozi yake iwe ya usiku. Akimeza saa mbili usiku na kuchomwa saa nne asubuhi kesho yake, zimepita saa 14 bila yeye kukumbuka lolote la ziada, hata kama foleni ilikuwa ndefu au gari la kutoka Chamwino lilichelewa. Anayebaki na dozi ya asubuhi aje na kidonge chake mfukoni na akimeze baada ya kuchomwa. Maneno hayo yaandikwe kwenye kadi yake, kwa sababu agizo la mdomo husahaulika kabla hajafika getini.

Kuhusu siku, subiri dawa itulie mwilini. Kwa mwenye figo nzima, siku 7 hadi 10 baada ya kuanza au kubadili dozi zinatosha; kwa mwenye figo zilizochoka kama za mama wa Bahi, subiri wiki mbili hadi tatu. Ukipima siku ya tano utapata namba ndogo ya kufurahisha, utaacha dozi ilivyo au hata kuiongeza, na kiwango kitaendelea kupanda wakati mgonjwa yuko nyumbani. Kanuni ya kusubiri haihusu mgonjwa anayetapika, aliyechanganyikiwa au ambaye mapigo yake yameshuka chini ya 50. Huyo mchome mara moja, andika saa zilizopita tangu dozi ya mwisho, na kama hazijafika 6, rudia zikishafika.

Wanaosafishwa damu

Kwa mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine, sampuli ichukuliwe mwanzoni, kabla mashine haijaanza na kabla ya heparini, dawa ya kuzuia damu isigande mashineni. Digoksini iliyo nyingi imejificha katika misuli, hivyo mashine huondoa kidogo sana, na sampuli ya mara tu baada ya kusafishwa itakupotosha. Kwa sababu hiyo hiyo, kusafisha damu si tiba ya digoksini iliyozidi, ingawa bado nasikia ikipendekezwa.

Kinachobadilika sana wakati wa kusafishwa ni potasiamu. Ikishuka ghafla, moyo wenye digoksini huwa mwepesi kuvuruga mapigo hata kiwango kikiwa 0.9, ambacho kwenye karatasi ni kizuri. Kwa hiyo pima potasiamu pamoja na digoksini kila mara, ongeza magnesiamu na kalisiamu ikiwezekana, na umweleze daktari wa figo kwamba mgonjwa anatumia dawa hii ili achague kwa uangalifu maji ya kusafishia.

Usifunge mpira wala usichome mkono wenye fistula, yaani mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya kusafishia damu. Hata kwa mgonjwa ambaye bado hajaanza kusafishwa, tumia mishipa ya nyuma ya kiganja ili ile ya mkono ibaki salama kwa siku atakayohitaji fistula. Usichukue damu juu ya mahali dripu inapoingilia.

Chupa, joto na safari

Mililita 3 hadi 5 katika chupa yenye kifuniko chekundu, isiyo na jeli, zinatosha. Baadhi ya jeli hunyonya dawa, na kwa kuwa maabara hutofautiana, uliza kwanza ile utakayoitumia. Uliza pia kama kipimo kinafanyika siku hiyo, kwani si kila maabara ina vitendanishi vyake, yaani kemikali za kupimia, na mara nyingi sampuli hulazimika kusafiri, pengine hadi Dar es Salaam.

Acha damu igande kwa nusu saa, izungushwe kwenye mashine, na seramu, yaani maji yanayobaki damu ikishaganda, itenganishwe ndani ya saa 2. Kosa la kawaida la vituo vya pembezoni ni kuweka damu nzima kwenye friji wakisubiri gari la kesho. Digoksini haitadhurika sana, lakini potasiamu itavuja kutoka katika chembe nyekundu, na utaletewa jibu la 6.8 kwa mgonjwa ambaye kweli ana 4.1. Kinachosafiri ni seramu, ndani ya kisanduku cha baridi chenye nyuzi 2 hadi 8. Mwezi wa Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, chupa iliyoachwa dirishani au kwenye dashibodi ya gari hapa kwetu haifai tena kwa kazi hii.

Kusoma jibu

Tazama kwanza kizio. Nanogramu kwa mililita na mikrogramu kwa lita ni namba ile ile, lakini nanomoli kwa lita ni kubwa zaidi kwa mara 1.28. Kwa mgonjwa mwenye moyo dhaifu tunalenga nanogramu 0.5 hadi 0.9 kwa mililita, sawa na nanomoli 0.6 hadi 1.2 kwa lita. Karatasi nyingi za majibu bado zimechapishwa kiwango cha zamani, 0.8 hadi 2.0, na mgonjwa mwenye 1.8 hurudi nyumbani akiambiwa yuko sawa. Utafiti mkubwa wa digoksini uliochapishwa mwaka 1997, uliohusisha wagonjwa 6,800 wa moyo dhaifu, ulipochambuliwa upya mwaka 2003 ulionyesha kwamba wanaume waliokuwa na 0.5 hadi 0.8 walikufa wachache kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa, ilhali waliokuwa na 1.2 au zaidi walikufa wengi zaidi. Mimi nasoma ile 2.0 kama mstari wa sumu, si mpaka wa juu wa usalama. Na kama mapigo bado ni ya kasi huku kiwango kimeshafika 0.9, ongeza dawa nyingine ya kuyapunguza kuliko kuongeza digoksini.

Jibu lisilolingana na mgonjwa lishukiwe kabla ya kuaminiwa. Katika damu ya watu wenye figo zilizoshindwa kuna vitu vya asili ambavyo baadhi ya mashine huvisoma kama digoksini, na spironolaktoni, dawa ya kukojoza maji, nayo huwachanganya wapimaji katika baadhi ya vitendanishi. Ndiyo maana inafaa kumpima mgonjwa mmoja katika maabara ile ile kila mara. Kinyume chake pia ni kweli: mgonjwa mwenye 0.9 anayeona mwanga wa njano kandokando ya taa, anayetapika na mwenye potasiamu ya 2.9 amedhurika na digoksini, karatasi iseme isemavyo.

Turudi kwa mama wa Bahi. Tuseme alikuwa akimeza nusu kidonge, miligramu 0.125, kila siku, na sampuli nzuri ya kabla ya dozi imeleta 1.7, naye hana dalili, kipimo cha umeme wa moyo ni cha kuridhisha, na potasiamu ni 4.4. Dozi na kiwango huenda sambamba: ukipunguza dozi nusu, kiwango kikitulia kitakuwa nusu. Ungeweza kumpa robo kidonge kila siku, lakini robo ya kidonge kidogo kama kile hukatwa kwa kubahatisha, moja kubwa na nyingine unga. Siku moja ndiyo, siku moja siyo, huchanganya watu wakipita Jumapili. Mimi humpa nusu kidonge Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, dozi ambayo kwa hesabu itamfikisha kama 0.7. Kwanza asimamishe dawa kwa siku 3, muda ambao kwa figo zake kiwango kitashuka karibu nusu, kisha aanze mpango mpya.

Kama 1.7 hiyo ingekuja na kutapika, mapigo 44 au mvurugiko mpya wa mapigo, asingetoka hospitalini. Dawa husimamishwa, mgonjwa huunganishwa na mashine ya kufuatilia moyo, potasiamu hurekebishwa kwa hadhari kwa kuwa figo zake haziwezi kutoa ziada, atropini huandaliwa kwa mapigo yaliyoshuka, na hospitali ya rufaa hupigiwa simu mapema. Kingamwili za digoksini, dawa ya sindano inayoifunga digoksini katika damu, ni adimu. Mgonjwa akibahatika kuzipata, usirudie kipimo cha kawaida siku zinazofuata, kwa sababu mashine itahesabu pia dawa iliyokwisha kufungwa na namba itapaa bila maana.

Kwa mama wetu aliye salama, tarehe ya kipimo kijacho ni wiki tatu tangu alipoanza mpango mpya, siku ya Ijumaa kabla ya kumeza, si Jumatatu, kwa kuwa Jumatatu atakuwa amekaa siku tatu bila dawa na namba itakuwa ndogo kuliko hali yake halisi. Kwenye kadi andika: «Ijumaa, njoo saa mbili asubuhi (08:00). Usimeze kidonge cha moyo mpaka utolewe damu. Njoo nacho.»